Mbegu imechoka, au mama yake ndiye mzee? Kutafuta chanzo cha vipando na miche isiyostahimili jua

Mihogo ya aina moja, iliyopandwa siku moja kwenye udongo mmoja, inaweza kuachana kabisa jua likichapa wiki ya tatu baada ya kupanda. Mstari huu umekauka. Ule wa pili unalegeza majani saa saba mchana na jioni umeyainua. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile, kwa hiyo kinachobaki kuchunguzwa ni kipando chenyewe, kile kipande cha shina ulichochomeka. Swali la kwanza kuhusu kipando ni umri wa shina kilikokatwa.

Hapa lazima tutenganishe aina tatu za umri, maana mkulima husema "mbegu imechoka" kwa zote tatu, ilhali tiba zake hazifanani. Kuna umri wa mmea mama siku ulipotoa mbegu au kipando. Kuna muda ambao mbegu au kipando kimekaa tangu kitoke kwa mama: punje ghalani, kiazi stoo, shina la mhogo chini ya mwembe. Halafu kuna umri wa ukoo, yaani misimu mingapi mbegu imerudiwa bila kuanza upya na mbegu safi. Huu wa tatu mara nyingi si uzee hata kidogo, ni magonjwa yaliyolimbikizana. Ndiyo maana mbolea ya majani anayouziwa mkulima dukani haimsaidii.

Kwanza, soma mpangilio wa vifo

Pita shambani asubuhi mapema. Mchana kila mmea umelegea na utadanganyika.

Mimea ikiwa imekufa kwa mabaka, yaani mahali pamoja tu, shuku udongo, maji, mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, au mchwa. Vifo vikifuata mistari, na mistari hiyo ikalingana na mafungu uliyoyafungua kwa zamu wakati wa kupanda, tatizo lilikuja na kipando. Vikitawanyika, mmoja huku na mwingine kule, fungu lenyewe lilikuwa mchanganyiko: mama wachanga na wazee, au wazima na wagonjwa. Ili ujue hili lazima uwe umechomeka kijiti mahali kila fungu lilipoanzia. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi, na bila hiyo utabaki kukisia.

Kisha chimbua mimea 10 iliyokufa na 10 iliyo hai jirani yake, uipange sambamba kwenye turubai. Mengi yanayofuata yanaonekana hapo.

Mihogo: wiki ya tatu imefika na kipando hakijachipua

Udongo ukiwa na unyevu, macho ya mhogo huanza kuchipua ndani ya wiki mbili hivi. Kisipochipua, kichimbue.

*Kimelainika, ganda linavuka, ndani kina harufu ya kuoza.* Shina lilikuwa changa. Mhogo wenye umri chini ya miezi 8 una shina la kijani, lenye maji mengi na wanga kidogo. Kipando cha mhogo huishi kwa akiba yake mpaka mizizi ianze kunyonya. Akiba ikiwa ndogo kinachelewa, na kila siku inayopita ni nafasi kwa kuvu za udongoni. Jua likiwa kali badala ya mvua, shina hilo hilo halitaoza ila litasinyaa na kujikunja. Chanzo ni kimoja.

*Ni kikavu kama kuni, macho yamekufa.* Hapa kuna uwezekano wa aina mbili, nao huchanganywa kila mara. Ama shina lilitoka kwa mama aliyepita miezi 18, ama lilikuwa la umri mzuri lakini lilikaa mno baada ya kukatwa. Kata kwa kukingama uangalie. Shina la mama mzee lina mti mgumu, ganda lililokwaruzika, mara nyingi na wadudu magamba weupe waliong'ang'ania kwenye vifundo. Lililokaa mno lina umbo zuri tu, lakini ukikwangua ganda kwa ukucha hakuna kijani chini yake, pamegeuka kahawia.

Kabla ya kupanda msimu ujao, vipimo viwili vinatosha, na havihitaji kifaa zaidi ya kisu kikali na rula:

1. Pima moyo wa shina, ile sehemu laini nyeupe ya katikati. Kipenyo chake kisizidi nusu ya kipenyo cha shina zima. Shina la sentimita 2.4 lenye moyo wa sentimita 1 linafaa. Lenye moyo wa sentimita 1.5 bado ni changa, hata kama mwenye shamba anaapa kwamba lina mwaka.
2. Angalia utomvu. Ukitoka ndani ya sekunde chache baada ya kukata, shina lina maji ya kutosha. Ukichelewa, au sehemu iliyokatwa ikabaki kavu, usilipande kiangazi.

Umri unaotafutwa ni kati ya miezi 8 na 18, na wengi wanaozalisha vipando hupendelea miezi 8 hadi 12. Kwa maoni yetu, hicho kikomo cha juu kinatumiwa kwa ulegevu mno. Shina la miezi 16 kutoka shamba lililotunzwa linaota vizuri, lakini limesimama shambani msimu mzima zaidi likitembelewa na inzi weupe, na hilo tutalirudia.

Mihogo: imechipua vizuri, kisha inakufa kati ya wiki ya 4 na ya 6

Hii ndiyo hasara inayouma zaidi, kwa sababu shamba lilikwisha kuonekana limeshika. Chipukizi zilitoka kwa akiba ya kipando, akiba ikaisha, na mizizi haikuwa imefika kwenye unyevu.

Pima urefu wa vipando vilivyokufa. Kinachotakiwa ni sentimita 20 hadi 30 chenye macho 5 hadi 7. Vingi utakavyochimbua vitakuwa na sentimita 12 au 15, kwa kuwa mtu alitaka eka moja itoshe kwa mashina ya nusu eka. Angalia pia unene: vilivyokatwa karibu na ncha ya shina ni vyembamba, na ingawa mama ana miezi 11, ile sehemu ya ncha ina miezi mitatu au minne tu. Umri wa mama na umri wa kipande cha shina si kitu kimoja. Shina la mita moja na nusu, ukitupa sentimita 35 za ncha ya kijani, linatoa vipando vinne vya sentimita 25 na kipande kinabaki. Anayetoa vinane hapo anauza sehemu ambazo zitakufa.

Chanzo kingine hakionekani kwa macho: lishe ya mama. Mhogo uliolimwa mfululizo kwenye udongo uliochoka hutoa vipando vyenye fosforasi na potasiamu kidogo, na vipando hivyo hukua kinyonge hata ukivipeleka kwenye udongo wenye rutuba. Wengi huchukua mbegu kwenye shamba la zamani kwa sababu ndilo lililobaki na mashina. Tenga kipande kidogo, hata mistari mitano, weka samadi, hamisha mahali kila baada ya misimu miwili, na kiwe cha mbegu tu.

Ukikata, tumia kisu au msumeno na ukate kwa kukingama kabisa, si mshazari, ili mizizi itoke kuzunguka pande zote. Kuvunjia gotini au kupiga kwa panga juu ya gogo kunapasua shina, na ufa ule unapoteza maji kutoka siku ya kwanza. Mahali pakavu, chomeka wima au kwa mlalo kidogo huku theluthi mbili zikiwa chini ya udongo. Na ukilazimika kuhifadhi, hifadhi mashina marefu, usihifadhi vipande: yasimamishe kivulini, sehemu ya chini ikiwa ndani ya udongo uliolainishwa kwa kina cha sentimita 5, na umwagilie. Yatakaa wiki kadhaa hivyo. Siku ya kupanda kata ncha zilizokauka na upime utomvu upya.

Mihogo: majani ya kwanza kabisa yana mabaka ya njano na yamejikunja

Hii ni batobato, ugonjwa wa virusi, na mahali ilipoanzia panakuambia ilikotoka. Ikionekana kwenye majani ya chini, yale ya kwanza kutoka kwenye kipando, ugonjwa ulikuja na mama. Majani ya chini yakiwa safi na ya juu tu ndiyo yaliyopinda, inzi weupe wameuleta baada ya kupanda. Mmea ulioambukizwa na kipando huumia zaidi jua likija, kwa kuwa umeanza maisha ukiwa na majani nusu.

Ugonjwa mwingine wa virusi, michirizi ya kahawia, ni mjanja zaidi. Dalili zake hukaa kwenye majani yaliyokomaa ya chini, ambayo hupukutika kiangazi, kwa hiyo wakati wa kukata mashina mama anaonekana mzima. Njia mbili zitakuokoa. Chagua mama wakiwa na miezi 3 hadi 4, majani yakiwa yamejaa, na uwafunge utepe. Usichague siku ya kuvuna. Siku ya kuvuna sasa, katakata mizizi ya kila mama mwenye utepe. Ukiona uozo mkavu wa kahawia ndani ya muhogo, mashina ya mama huyo yachome, hata kama yalikuwa manene kuliko yote. Tanzania kuna wazalishaji wa vipando vinavyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya shamba lako ina dalili, ni nafuu kununua kwao na kuanza upya kuliko kuchagua.

Viazi mviringo: idadi ya mashina inasema umri

Kwa viazi, umri wa kalenda haukuambii mengi. Kiazi kilichokaa miezi mitatu kwenye baridi ya Njombe au Nyandarua bado ni kijana. Mwenzake aliyekaa miezi hiyo hiyo kwenye stoo yenye bati linalochemka ni mzee. Soma dalili hizi shambani:

- Wiki ya tano hakijaota, na ukikichimbua ni kigumu kama siku ya kupanda: kilikuwa bado usingizini. Kilipandwa kichanga mno.
- Shina moja tu, nene: kimeamka lakini jicho la juu bado linayazuia mengine. Mavuno yatakuwa viazi vichache vikubwa.
- Mashina matatu hadi matano yenye nguvu: umri sahihi.
- Mashina mengi membamba, majani yanageuka njano mapema, viazi vingi vidogo: mbegu ilikuwa nzee.
- Vitoto vya viazi vimejitunga juu ya kiazi cha mbegu, na hakuna jani lililotokeza juu: uzee wa mwisho. Hakuna la kufanya ila kulima upya.

Kwa hali ya nne, ukame hulaumiwa bure. Mbegu nzee huota haraka, na mkulima hufurahi, lakini mizizi na majani yake ni kidogo na huzeeka mapema. Mvua ikikatika wiki mbili, kiazi cha mbegu kijana kinasimama kikisubiri. Cha mbegu nzee kinaamua kumaliza safari. Machipukizi yake stoo yanakupa onyo mapema: marefu, meupe, membamba kama nywele.

Aina ina uzito wake. Shangi, inayopendwa sana Kenya, ina usingizi mfupi, na mbegu yake ikingoja msimu mzima kwenye joto inazeeka kabla ya mvua. Hali ya mama nayo inaingia hapa: viazi vilivyokua kwenye joto na ukame huamka mapema kuliko vya aina hiyo hiyo vilivyokua kwenye ubaridi. Kwa hiyo ukitoka kwenye msimu mbaya, kagua stoo mapema, usifuate tarehe za mwaka jana.

Tiba ni stoo ya mwanga hafifu: kichanja chenye rafu, kuta za chekecheke au fito zinazopitisha hewa na mwanga wa pembeni, paa la nyasi au bati lililofunikwa nyasi, jua lisipige viazi moja kwa moja. Tandaza matabaka mawili au matatu tu. Mwanga unayafanya machipukizi kuwa mafupi, ya kijani na magumu. Panda yakiwa na sentimita 1 hadi 2. Vikiwa na chipukizi moja tu la juu na muda upo, livunje mara moja ili mengine yatoke. Usirudie. Kila ukivunja, kiazi kinatumia akiba nyingine na kinasogea hatua kuelekea uzee. Vilivyolala viweke gizani penye joto, vimefunikwa nyasi kavu, ukivikagua kila wiki.

Ukoo ukiwa ndio tatizo, utaona majani yaliyojikunja kwenda juu na kukakamaa, au mabaka ya kijani na njano, na kila msimu mimea inapungua kimo. Hao ni virusi, wanaobebwa na vidukari na kurithishwa kupitia kiazi. Kabla mimea haijatoa maua, chomeka vijiti kwenye mimea 100 iliyo bora na isiyo na dalili. Baada ya wiki mbili pita tena na ung'oe vijiti kwa iliyoharibika. Iliyobaki ivunwe kwanza, peke yake, shina kwa shina, ukiacha lolote lenye viazi vichache au vyenye kasoro. Ila shamba likiwa na mnyauko bakteria, usichukue mbegu humo hata kidogo. Kata kipande cha shina lililonyauka, kining'inize kwenye glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ndio wenyewe.

Viazi vitamu

Hapa kanuni inageuka: kilicho kichanga ndicho bora. Kata ncha ya rando yenye sentimita 25 hadi 30 kutoka mimea ya miezi 2 hadi 3. Sehemu ya chini ya rando ni ngumu, inatoa mizizi polepole, na ndiko fukusi hutaga. Acha sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi unapokata. Baada ya kukata mara tatu kitalu kimezeeka, panda kipya. Marando yakae kivulini siku moja au mbili kabla ya kupanda, mizizi midogo ianze kujitokeza kwenye vifundo.

Mbegu za punje: zimeota vizuri kwenye kitambaa, shambani zimefeli

Mbegu inayozeeka hupoteza nguvu kabla ya kupoteza uhai. Punje 90 kati ya 100 zinaweza kuota kwenye kitambaa kibichi sebuleni, na shamba lenye ukoko juu au unyevu wa wasiwasi likatoa 50. Kwa hiyo kuhesabu zilizoota hakutoshi. Hesabu na kasi. Kwa mahindi, hesabu siku ya 4 na siku ya 7. Nyingi zikiwa zimesubiri hadi siku ya 6 ndipo ziote, mbegu ni nzee ingawa jumla inapendeza. Kisha chukua punje nyingine 100, panda 50 kwenye mchanga kwa kina cha sentimita 3 na 50 kwa kina cha sentimita 8. Zenye nguvu hazitofautiani sana. Zilizozeeka zitakwama chini.

Mbegu za maharage zilizozeeka zina kasoro ya ziada: ngozi za seli zimechoka, na zikinywa maji kwa ghafla hupasuka na kuvujisha sukari inayoita kuvu. Usiziloweke usiku kucha. Panda kwenye udongo wenye unyevu wa wastani.

Kanuni ya kuhifadhi inayojulikana kwa miongo mingi ni hii: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha ya mbegu huongezeka maradufu, na vivyo hivyo kila joto likishuka kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Mahindi na maharage yafikishe asilimia 13 au chini. Ukiwa huna kipima unyevu, weka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 10. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, anika tena. Vitunguu maji usivihifadhi kwa mazoea: kwenye joto la kawaida la nyumba mbegu yake hupungua nguvu haraka ndani ya mwaka mmoja.

Umri wa mama unaonekana kwenye mboga zinazochumwa muda mrefu. Nyanya, bamia na pilipili za mwisho wa msimu hutoka kwa mama aliyekwisha kupoteza majani, mwenye magonjwa, anayejaza mbegu kwa mabaki. Kosa la kawaida ni kuuza matunda yote mazuri ya mwanzo na kuacha ya mwisho "kwa ajili ya mbegu". Fanya kinyume: funga utepe kwenye vishada vya pili na tatu vya nyanya, viive kabisa shambani. Kwa karoti, miavuli ya maua ya kwanza, ile mikubwa ya juu, ina mbegu zilizojaa kuliko ya matawi ya pembeni.

Mahindi chotara yaliyorudiwa tusiyaweke kwenye uzee. Mimea ikitoka mirefu na mifupi, yenye kuzaa na isiyozaa, mbegu haijachoka. Imegawanya sifa za wazazi, na itafanya hivyo hata mama akiwa kijana na ghala likiwa bora.

Migomba, kahawa na miti ya matunda

Mgomba unaoanguka upepo kidogo tu, ukiwa na mizizi ya juu juu, huenda ulitokana na chipukizi la majani mapana, lile linalotoka kwenye tunguu lililoachwa na mama aliyekwisha kuvunwa. Chagua machipukizi yenye majani membamba kama upanga, yaliyoshikamana na mama aliye hai. Menya tunguu mpaka liwe jeupe, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 kuua minyoo na mayai ya fukusi. Shina la zamani lililopanda juu ya ardhi ling'olewe, maana watoto wake nao watatokea juu.

Vipandikizi vya kahawa ya robusta vikikataa kutoa mizizi, au vikishika lakini mche ukalala na kukua kwa upande, mama si mzee ila ulikata tawi lisilofaa. Tawi la pembeni likitoa mizizi linaendelea kuwa tawi la pembeni. Tumia machipukizi yanayosimama wima tu. Na kama mti wenyewe ni mkongwe na chipukizi zake hazishiki, ukate ubaki kisiki cha sentimita 30 hadi 45. Machipukizi yanayotoka chini hutoa mizizi kwa urahisi zaidi kuliko matawi ya juu.

Kwenye kubebesha maembe na maparachichi mambo yanageuka tena. Hapo uzee wa kikonyo, yaani kijiti cha juu kinachobebeshwa, ni faida, kwani kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa hubeba ukomavu wake na kuzaa mapema. Ujana unautaka kwenye shina la chini, lenye mizizi.

"Mbegu hii imezoea ukame, mama yake alipigwa na jua"

Maneno haya huuza mbegu sokoni, nayo yana ukweli nusu. Mmea mama uliopata shida huacha alama kwa watoto: kiasi cha akiba, homoni kwenye mbegu, na vibandiko vya kikemia juu ya DNA vinavyowasha au kuzima jeni. Katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis imeonekana kwamba joto alilopitia mama hubadili usingizi wa mbegu zake. Lakini alama za namna hiyo mara nyingi hufifia ndani ya kizazi kimoja au viwili, na zinaweza kusaidia kwenye shida ile ile tu. Kwa upande mwingine akiba ndogo ni hasara ya papo hapo. Kipando cha mhogo kilichotoka kwa mama aliyekauka hakina kumbukumbu ya kukisaidia kuliko wanga kilioukosa.

Mbegu ya kienyeji iliyochaguliwa vizazi vingi Dodoma au Kitui ni habari nyingine kabisa. Hiyo imebadilika kwa jeni zilizochujwa, na haitegemei mama wa msimu uliopita.

Kuhusu umri peke yake, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa mmea mdogo unaoelea kwenye mabwawa, Lemna. Tangu miaka ya 1950 imeonyeshwa kwamba jani mama kadiri linavyozeeka huzaa majani madogo zaidi na yenye maisha mafupi zaidi. Kinachovutia ni hatua inayofuata: mtoto mdogo wa mama mzee, yeye akiwa kijana, huzaa watoto wakubwa kuliko yeye, na ukoo unarudi kwenye hali yake. Ndiyo sababu kukata kutoka kwa mama vijana waliotunzwa vizuri, msimu mmoja au miwili, kunaweza kurudisha nguvu ya mbegu isiyo na virusi. Yenye virusi hairudi kwa njia hiyo.

Jaribio la kukata shauri

Ukibaki na mashaka kati ya vyanzo viwili, panda usipime kwa macho.

1. Chukua vipando 40 kutoka kwa mama wa miezi 8 hadi 12 na 40 kutoka kwa vile unavyovishuku. Aina iwe moja, urefu na unene ulingane.
2. Panda kwa vitalu vidogo vya 10, ukipishana: 10 vya huku, 10 vya kule, mpaka viishe. Usipande kundi zima upande mmoja wa shamba.
3. Mwagilia vyote sawa kwa wiki tatu, kisha acha kabisa.
4. Hesabu vilivyo hai wiki ya 3, ya 5 na ya 7. Chimbua vinne vya kila kundi wiki ya 5 uone urefu wa mizizi, na uvitoe kwenye hesabu ya wiki ya 7.

Makundi yakiachana mapema, wiki ya 3, tatizo ni uhai wa kipando: umri wa shina, au uhifadhi. Yakiwa sawa wiki ya 3 na kuachana ya 7, tatizo ni akiba na mizizi. Kwa idadi hii, tofauti isiyofika mimea 8 inaweza kuwa bahati tu. Rudia jaribio kabla ya kung'oa shamba la mbegu.